Majirani wa Tudor, Mombasa: safari ya Yamunotri

Reena, 19:02
Jai Shri Krishna wote, shikamooni wakubwa. Ba, bibi yetu mzee, amekata shauri: mwaka huu ni kuhiji Yamunotri, hekalu la mto Yamuna kule milima ya Himalaya, India, hataki kusikia habari nyingine. Ana miaka 71, presha yake imetulia kwa dawa, ngazi za ghorofa tatu anapanda mwenyewe. Tutakuwa wanne. Niambieni yote, msinifiche kitu.

Masi Kokila, 19:05
Jai Shri Krishna mwanangu, marahaba. Anza na mwezi. Hekalu hufunguliwa sikukuu ya Akha Trij (Aprili au Mei) na kufungwa Bhai Bij (siku mbili baada ya Diwali), baada ya hapo sanamu ya Yamunaji, mungu wa kike wa mto, hushushwa kijijini Kharsali hadi theluji iishe. Wiki mbili za mwanzo usiziguse kabisa, India nzima huwa njiani.

Jitu Bhai, 19:07
Tarehe 10 Mei 2024, siku ya ufunguzi, njia ya miguu iliziba. Mtu hawezi kwenda mbele wala kurudi, huku korongo huku ukuta wa mlima, na polisi wakawaomba waliobaki chini waahirishe. Julai na Agosti nazo ni masika ya kule, barabara hukatika. Na usidhani Juni ni salama: Juni 2025 mlima uliporomoka pale kwenye kona za Nau Kainchi, juu ya njia yenyewe, mahujaji wakafa.
Mwisho wa Septemba hadi katikati ya Oktoba. Anga safi, watu wachache, usiku baridi kali.

Reena, 19:08
Oktoba ni Navratri, sikukuu ya siku tisa. Ba akose ngoma ya garba?

Masi Kokila, 19:08
Basi mrudi kabla haijaanza, kalenda anayo ukutani 😄

Zawadi (muuguzi), 19:14
Habari zenu. Mimi nisemee kifua. Hekalu liko karibu mita 3,290 juu ya bahari. Sisi tunaishi hapa chini kabisa, mawimbi yanatupigia dirishani. Na asiseme mtu "Ba amezoea Nairobi", Nairobi ni 1,700 tu, ni nusu ya njia.
Daktari amwone KABLA ya kukata tiketi: moyo, mapafu, damu. Halafu amuulize habari ya acetazolamide. Wengi hupewa miligramu 125 asubuhi na 125 jioni, kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Lakini msijinunulie tu dukani. Dawa hiyo inakojoza, na kama dawa yake ya presha nayo inakojoza, chumvi za mwili zitayumba. Mwenye mzio wa dawa za salfa lazima aseme.
Reena, dawa zake usiziandike hapa, nitumie pembeni.

Reena, 19:15
Sawa dada, nakutumia.

Jitu Bhai, 19:21
Alichosema Zawadi ndicho kinachoharibu safari nyingi. Vifurushi vingi vya mawakala hulaza watu Barkot, mita 1,220. Saa tisa usiku wanaamshwa, gari kilomita 45 hadi Janki Chatti, wanapanda, wanashuka, jioni wako Barkot tena. Yaani mwili umerushwa mita elfu mbili juu kwa asubuhi moja. Kisha watu wanashangaa mzee ametapika njiani.
Fanyeni hivi: Delhi hadi Dehradun kwa ndege, uwanja unaitwa Jolly Grant. Usiku wa kwanza Mussoorie, kama mita 2,000. Wa pili Barkot. Wa tatu na wa nne Kharsali au Janki Chatti, mita 2,650 hivi. Siku ya katikati Ba atembee kijijini tu, Kharsali kuna hekalu la Shani, kaka yake Yamuna. Siku inayofuata ndiyo ya kupanda.
Dehradun hadi Janki Chatti ni kama kilomita 180, lakini kona tupu. Igawanyeni, na mwambieni dereva mapema kwamba usiku haendeshi.

Mama Fatma, 19:23
Poleni kuingilia. Ndiyo barabara ya lile handaki lililowafukia mafundi?

Jitu Bhai, 19:25
Ni ya upande huo huo, Mama Fatma. Handaki la Silkyara, Novemba 2023, watu 41 kwa siku 17, wote wakatoka hai. Ila anayepitia Mussoorie halipiti, lile liko upande wa kwenda Uttarkashi.

Masi Kokila, 19:36
Sasa njia ya miguu. Kutoka Janki Chatti ni kilomita 5 mpaka 6. Ukisikia hivyo utacheka, ni kama kutoka hapa kwenda Nyali na kurudi. Usicheke. Unapanda zaidi ya mita 600, na kilomita za mwisho ni ngazi na kona zinazojikunja kama mkasi. Nau Kainchi maana yake ni hiyo, mikasi tisa.
Chini pamesakafiwa, pana vyuma vya kushika, lakini njia ni nyembamba na mnagawana na nyumbu. Kinyesi cha nyumbu kikichanganyika na manyunyu huwa kama sabuni. Viatu viwe na meno, vimevaliwa mwezi mzima kabla. Kandambili hapana, hata kama utawaona wenyeji nazo.
Muhimu kuliko vyote: ukisikia njuga za nyumbu nyuma yako, bana upande wa UKUTA WA MLIMA, kamwe usisimame upande wa korongo. Mnyama mwenye mzigo hageuzi mwili kwa ajili yako, anakupiga na tandiko tu, na anayesukumwa upande wa korongo hana pa kushika.

Zawadi (muuguzi), 19:38
Mwendo uwe wa kuweza kuongea sentensi nzima bila kuhema. Akishindwa kuimalizia, simameni dakika tano.

Reena, 19:39
Ba anasema atapanda nyumbu.

Masi Kokila, 19:45
Mwambie kwa adabu kwamba nyonga zake hazitamsamehe. Nyumbu anapenda kutembea ukingoni kabisa, na mtu lazima ainame mbele wakati wa kupanda, alale nyuma wakati wa kushuka. Mzee akichoka husahau, anakaa wima, hapo ndipo huteleza.
Kuna kandi, kikapu kinachobebwa mgongoni na mtu mmoja, unakaa umetazama nyuma. Kinafaa mtu mwepesi. Kwa Ba chukueni palki, machela inayobebwa na watu wanne. Bei zimewekwa na serikali ya wilaya na zinabandikwa. Lipeni kibandani mchukue risiti, msimpe pesa anayewafuata kwenye maegesho. Andikeni namba ya kiongozi wa wabebaji, na mkubaliane watasubiri muda gani juu, maana ugomvi wote huanzia hapo: "ulisema saa moja, umekaa tatu".

Jitu Bhai, 19:47
Na anayebebwa huganda. Wanaotembea wanatoka jasho, yeye amekaa tu kwenye upepo. Avae soksi za sufu, shali, kofia, na juu koti la mvua la plastiki. Ondokeni saa kumi na moja alfajiri, mvua za mlimani hupenda mchana.

Mama Fatma, 19:49
Na mto wenyewe watoka hapo hapo hekaluni?

Masi Kokila, 19:54
Swali zuri. Hapana. Hapo ni mahali pa kuabudia chanzo. Maji huanzia juu zaidi, kwenye barafu ya Champasar kwenye mlima wa Bandarpunch, zaidi ya mita 4,400. Huko hakuna ngazi wala palki, ni kazi ya wapanda milima wenye kiongozi na kibali. Hujaji haendi, na hajapungukiwa. Kutoka hapo Yamuna anatembea kilomita 1,376, anapita Delhi, Mathura na Agra, ndipo anaungana na Ganga kule Prayagraj. Ukimwona Delhi alivyochafuka utalia. Pale hekaluni ni mweupe kama maziwa na anapiga kelele.

Reena, 19:56
Masi, na wali wa kupikwa kwenye kisima cha moto? Ba anauliza wali tu tangu asubuhi.

Masi Kokila, 20:09
Haya, hapo ndipo utamu.
Mkifika, kwanza Divya Shila, jiwe la kuabudiwa kabla ya kuingia ndani. Karibu yake ni Surya Kund, kisima cha maji ya moto, nyuzi 88 hivi. Kwa kimo kile maji ya sufuria yenyewe huchemka nyuzi 89 au karibu, kwa hiyo kisima ni kama chungu kilicho jikoni. MSITIE MKONO. Hakuna anayeoga hapo.
Mchele unauzwa vibandani umefungwa tayari, lakini vile vifurushi hufungwa kwa kukazwa, katikati hubaki mbichi. Nunua mchele, ufunge mwenyewe. Kitambaa cha melimeli (sisi tunaita malmal, ni neno hilo hilo), ukubwa wa leso ya mfukoni. Tia viganja viwili tu. Funga juu kabisa ya pembe, mchele ucheze ndani, kwa sababu utavimba karibu mara tatu. Kamba iwe ya pamba, mita moja na nusu, fundo mara mbili. Kamba ya nailoni huteleza ikilowa na prasad (chakula cha sadaka) inabaki kisimani.
Ukiulowesha kabla, nusu saa kwenye chupa wakati mnapanda, unaiva vizuri. Teremsha taratibu, usiuguse mwamba, shikilia kamba. Usitazame saa, toa ubonyeze kupitia kitambaa. Ukisikia punje ngumu rudisha. Mkichemsha na viazi, viwe vidogo tu, vya ukubwa wa yai la kware, vikubwa havitaiva mkiwa na haraka.
Mtamtolea Yamunaji, kidogo mtakula, kidogo mtaleta nyumbani. Cha kuleta kianikeni hotelini siku hiyo hiyo juu ya karatasi mpaka kikauke kuwa mchele mgumu. Ukikiacha kwenye mfuko wa plastiki, Delhi unafika na uchachu.

Reena, 20:10
Nibebe pishori ya Mwea?

Jitu Bhai, 20:11
Usibebe nafaka, utajitafutia maneno na forodha. Mchele wa kule unatosha.

Zawadi (muuguzi), 20:16
Kuoga je? Nasikia kuna bwawa la moto pia. Mwenye presha asikae humo zaidi ya dakika tano. Joto linatanua mishipa, presha inashuka, akisimama ghafla kwenye baridi ile anazimia. Atoke akiwa ameshikwa, akae, avalishwe haraka.

Masi Kokila, 20:18
Kweli. Bwawa la wanawake ni tofauti na la wanaume, kwa hiyo Reena uingie naye. Mtoni kwenyewe ni kuchota na kujinyunyizia tu, maji ni ya barafu.

Reena, 20:20
Na lotiji, vyungu vidogo vya maji ya Yamuna? Nataka kuleta nne.

Masi Kokila, 20:27
Loti za shaba nyekundu, maji yachujwe kwa melimeli yasiingie mchanga, kisha zilehemiwe mdomo na fundi mkirudi bondeni. Fundi asilehemu juu ya maji yaliyojaa pomoni, aache nafasi ya kidole. Kwa chupa za plastiki ni kinyume: jazeni mpaka juu. Ukiiziba chupa yenye hewa kule juu, ikifika usawa wa bahari hewa ya nje inaibana, inakunjamana, kifuniko kinavuja ndani ya sanduku. Zote ziende kwenye mzigo wa chini ya ndege, si mkononi.

Jitu Bhai, 20:41
Karatasi sasa, na zisije zikawa za mwisho kwenu kama zilivyo hapa.
Cheti cha chanjo ya homa ya manjano: India wanakidai kwa anayetoka Kenya, na kinaanza kuhesabiwa siku 10 baada ya sindano. Bila hicho mnawekwa karantini hadi siku sita. Zawadi, mtu wa miaka 71 anachomwa?

Zawadi (muuguzi), 20:43
Zaidi ya 60 kwa mara ya kwanza ni uamuzi wa daktari, hatari huongezeka. Kama aliwahi kuchomwa zamani, mtafute cheti, sasa ni cha maisha.

Jitu Bhai, 20:50
Viza kwenye tovuti ya serikali ya India peke yake, kuna za kuiga zinazotoza mara tatu. Usajili wa Char Dham, yaani hija ya mahekalu manne ya kule, Yamunotri likiwa mojawapo, ni lazima, kwa jina kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. Unachagua hekalu na tarehe, unapewa msimbo wa QR wa kuskaniwa. Uchapisheni, maana mtandao kule juu ni wa kusuasua. Pesa taslimu toeni Barkot, noti ndogo ndogo.

Reena, 20:52
Ba anauliza kama palki inaweza kusimama njiani apige picha.

Masi Kokila, 20:53
Asimame anapotaka, isipokuwa Nau Kainchi.