Tupeane uzoefu: PMP, PRINCE2 au ajaili, ipi imekusaidia kazini?

Wakuu, habari zenu. Nasimamia miradi ya maji vijijini na nina PMP, cheti cha usimamizi wa miradi. Vijana wananiuliza waanze na ipi: hiyo, PRINCE2 (mbinu ya kuendesha mradi hatua kwa hatua) au ajaili (agile, kazi ya vipande vifupi inayorekebishwa njiani). PMP haikurupukiwi: mwenye digrii anatakiwa awe ameongoza miradi miezi 36, asiye nayo 60, pamoja na saa 35 za mafunzo. Mimi imenijengea tabia ya kuorodhesha hatari mapema. Tulichimba kisima tukakuta maji ya chumvi; fedha ya dharura ilikuwepo na eneo la pili lilishapimwa, kazi ikaendelea. Ninyi je?

Mtengeneza programu, Nairobi:
Mkuu, kwetu mpango wa mwaka mzima haufiki mbali. Kila wiki mbili mteja anaona kitu kinachofanya kazi, anasema hapa badilisheni. Ila Azimio la Ajaili, lile tamko la watengeneza programu 17 kule Utah mwaka 2001, halikufuta mipango wala maandishi. Wengi hulisoma nusu. Nilirithi mfumo wa malipo usio na ukurasa hata mmoja wa maelezo, ikabidi tusome msimbo mstari kwa mstari. Inaumiza, kwa sababu waliouandika walikuwa hodari.

Mhandisi wa barabara:
Kwetu michoro na BOQ (orodha ya kazi, vipimo na bei) vimeshafunga kazi. Badiliko lolote linapita kwa mhandisi mshauri, kwa maandishi, la sivyo hulipwi. Lakini kile kikao kifupi cha asubuhi nimekichukua kwa watu wa ajaili, na mafomeni wangu hawasubiriani tena.

Afisa miradi, shirika la kilimo:
Wakuu, kwetu anayechagua ni mfadhili. Bango kitita (logframe, jedwali la malengo na viashiria vya mradi) linajazwa kabla hatujafika kijijini. Ukame ukaja, nasi bado tunatakiwa kuripoti wakulima waliofundishwa kupanda mahindi! PRINCE2, iliyotoka serikalini Uingereza, inadai uhalali wa mradi upimwe upya kila hatua inapoisha. Niliijenga hoja hiyo, mfadhili akakubali tuhamie mtama.

Mwanzisha mada:
Asante dada, hilo ndilo nitawaambia vijana waulize kwanza: mambo yakibadilika, nani ana mamlaka ya kukubali? Hata PMI wenyewe, wanaotoa PMP, mwaka 2021, toleo la saba la mwongozo wao, waliacha kupanga kitabu kwa michakato wakaweka kanuni 12. Huyo mfadhili ulimwandikia barua au mlikaa kikao? Nina mradi unaohitaji hoja hiyohiyo mwezi huu.