Mjadala: Mama aliyevuka sitini avae nini, na nani mwenye kauli?

Mstaafu wa Tabora (mwenye mada)

Wadau, hamjambo. Naleta hoja, na natangulia kusema nina upande. Mwanamke akishavuka miaka sitini avae kinachompa raha mwilini na kinachompendeza machoni pake, iwe suruali, raba nyeupe au kitenge cha rangi kali, na watoto wake wasimwitie kikao.

Nasema kikao kwa sababu kwangu kimekaliwa. Nilistaafu ualimu kwa lazima nilipofika 60, nikahamia Mbagala kwa binti yangu. Miaka ya kazi nilivaa sketi na koti. Watumishi wa umma tulikuwa na waraka wetu wa mavazi, ule Na. 3 wa 2007, na sikuwa na neno nao, kazi ni kazi. Sasa sina mwajiri. Nimeshona suruali mbili pana za pamba, zina lastiki nyuma, na blauzi ndefu zinazofika mapajani. Goti langu la kulia limekwisha. Nikipanda bodaboda sitaki tena kukaa upande, miguu yote ubavu mmoja, mkono huu nimeshika kanga na huu nimemshika dereva.

Binti yangu akasema, "Mama, ukweni watatuonaje?" Kaka yake akanyamaza, na kunyamaza kwake ndiko kulikonikera zaidi. Baba yao ana miaka 68, sokoni anakwenda na kaptula na jezi ya Yanga iliyopauka. Hajawahi kuitiwa kikao.

Naomba hoja, si matusi.

Mzee wa Busara

Mwalimu, nakuheshimu, ila hapa tunatofautiana. Mavazi si raha ya mwili peke yake. Mama mtu mzima akipita mtaani na kanga yake, watoto wanajua ni wa kuamkiwa, abiria wanajua ni wa kupishwa kiti, vijana wanaotukana kijiweni wanashusha sauti. Heshima hiyo haikudondoka na mvua. Mama zetu waliijenga kwa namna walivyojiweka, na mkiivua leo, kesho mtaitafuta hamtaiona.

Halafu hili la "kinachompendeza" linanipa wasiwasi. Kijana anavaa kinachompendeza kwa sababu anatafuta. Mama wa miaka 60 anatafuta nini?

Mama wa Ubungo

Anatafuta nafuu ya goti, baba. Mada umeisoma yote?

Bibi wa Ilala

Mzee wa Busara, marahaba kama ulitaka kuniamkia. Nina miaka 75, kwa hiyo hao "mama zetu" unaowasema ndio mimi na wenzangu. Oktoba 1968, Kariakoo, vijana walikuwa wanasimamisha mabasi na kuwashusha mabinti waliovaa mini na nguo za kubana. Umoja wa Vijana wa TANU ulikuwa umetangaza Operesheni Vijana, na marufuku yenyewe ilikuwa ianze Januari 1969, lakini wao subira hawakuwa nayo. Mini, wigi, suruali za kubana, vyote tuliambiwa ni utumwa wa kigeni. Miaka ya sabini tukarudi na bugaluu, zile suruali pana chini, na viatu vya raizoni. Picha ninazo, nimesimama Mnazi Mmoja na viatu vyenye soli nene kama tofali.

Kwa hiyo msituzulie ujana ambao hatukuwa nao. Nikiwa na 18 niliambiwa bado mtoto. Nikiwa na 40 niliambiwa mke wa mtu. Sasa naambiwa bibi. Nitajieni ule mwaka uliokuwa wangu.

Ustadhi wa Tanga

Assalaam aleikum. Naona dini itaingizwa humu muda si mrefu, basi tuiingize kwa dalili. Suratun-Nur aya ya 60 inawataja wanawake wakongwe wasiotaraji tena kuolewa: hawana lawama wakipunguza nguo zao za juu bila kuonyesha mapambo, na wakijisitiri ni bora kwao. Tazameni hapo, mtu mzima amelegezewa. Sisi tumefanya kinyume, kadiri umri unavyokwenda ndivyo tunavyomwongezea tabaka.

Sisemi kila suruali inafaa. Ikiwa pana na blauzi imeshuka, sioni alichokosea mwalimu. Ya kubana ni mada nyingine. Na mjane akishamaliza eda yake ya miezi minne na siku kumi, anayemtaka aendelee kuvaa kama yumo edani, dalili yake ailete.

Mlokole wa Mwenge

Kumbukumbu la Torati 22:5, mwanamke asivae mavazi yampasayo mwanamume. Kanisani kwetu suruali haivuki mlango, na si mimi niliyeyaandika hayo.

Mama wa Ubungo

Ukimaliza mstari wa 5 shuka hadi wa 11. Unakataza nguo iliyochanganywa sufu na kitani. Hiyo suti yako ya Jumapili lebo yake umeisoma?

Muuguzi wa Zamu

Mimi nilete ya hospitali, maana naona tumebaki kwenye macho ya watu tu.

Wanawake wengi hedhi hukoma kati ya miaka 45 na 55, na lile joto linalopanda ghafla kutoka kifuani hadi usoni huweza kumsumbua mtu miaka kadhaa baada ya hapo. Sasa mvalishe mama huyo gauni la poliesta lenye bitana, Dar es Salaam, mwezi wa pili, ukumbi wa feni mbili. Atalowa kabla bwana harusi hajaingia. Pamba inanyonya jasho na kupitisha hewa, ndiyo maana kanga haijawahi kumchosha mtu.

Kisha miguu. Mwenye kisukari cha muda mrefu anaweza kupoteza hisia kwenye nyayo. Kokoto inaingia kwenye kiatu asubuhi, inamchuna kutwa nzima, anakuja kujua jioni akiona damu. Kliniki tunamwambia avae kiatu cha kufunika, laini, kipana mbele, kisigino kifupi. Kwa lugha ya mtaani hiyo ni raba. Akifika nyumbani anaambiwa raba ni za watoto wa shule, anarudi kwenye ndala zake za shanga.

La mwisho ni pindo. Gauni linaloburuza mama akipanda ngazi, dera linalopeperuka na kuingia kwenye gurudumu la bodaboda. Hao tunawapokea sisi. Ukweni hawapo.

Bibi wa Mkunazini

Mie napinga pande zote mbili.

Pensheni jamii ilipoanza hapa Zanzibar 2016 nilikuwa nishavuka 70, nikawa miongoni mwa waliopokea zile elfu ishirini za mwezi za mwanzo. Fedha ile nilinunua doti ya kanga, jina lake "Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake". Ninayo hadi leo.

Sasa wajukuu wananitaka nivae suruali na wigi, "upendeze, bibi", wanipige picha. Nikikataa mie wa kizamani. Kanga haina zipu wala saizi. Tumbo likiongezeka haisemi, likipungua haisemi. Moja kiunoni, moja kichwani, mvua ikinyesha najifunika, mtoto akisinzia namtandikia. Na nikitaka kumjibu jirani bila kufungua kinywa, napita mbele yake nimempa mgongo asome. Huo uhuru mnaouhubiri mbona umekuja na mshono wake? Mwacheni mwalimu na suruali yake, na mie niacheni.

Mstaafu wa Tabora

Bibi, shikamoo. Nimekuelewa, na ni kweli sikuliona hilo nilipoandika. Lakini hata wewe umechagua. Ugomvi wangu ni na yule anayemchagulia mwenzake.

Binti wa Mvita

Mimi niko Mombasa. Huku watu watakwambia dera lilimaliza ubishi huu zamani, ni pana, ni jepesi, linasitiri. Sawa. Lakini mamangu alipofika hamsini na tano dada zangu walimfungulia kabati, sketi na blauzi zake za kola wakazigawa, akawekewa madera. Yote mazuri, yote yanafanana. Mamangu alikuwa mtu wa kola na vifungo, akitoka anajitazama kwenye kioo mbele na nyuma. Sasa hajitazami. Kwa hiyo msiseme raha peke yake, raha pia hutumiwa kumwambia mama kwamba habari ya kupendeza imekwisha.

Novemba 2014 wanawake waliandamana Nairobi baada ya mwenzao kuvuliwa nguo na wanaume kwenye kituo cha matatu. Vazi langu, uamuzi wangu, ndivyo walivyosema. Tulikuwa tunatazama habari pamoja, mamangu akasema, "Nyinyi wanawavua, sisi wanatufunika."

Mtoto wa Kahama

Huku Usukumani jambo hili lina uzito mwingine. Vikongwe wameuawa kwa kushukiwa uchawi, na "ushahidi" wa wauaji mara nyingi ni macho mekundu, ambayo bibi ameyapata kwa miaka ya moshi wa kuni na mavi ya ng'ombe. Bibi aliyechakaa anaogopwa. Akipendeza, watu wanauliza nani anampa. Nimeyasikia yote mawili yakisemwa juu ya mtu mmoja, mwaka mmoja.

Mzee wa Busara

Haya ya Kahama ni mazito, na hapo sina ubishi. Ila mtanisamehe, kutoka kwenye mauaji hadi kwenye haki ya kuvaa raba harusini ni safari ndefu. Bado nauliza kuhusu mpaka. Bungeni, Juni 2021, Spika alimtoa ukumbini mbunge wa kike kwa suruali iliyodaiwa kubana. Mnaweza kusema alionewa, lakini Bunge lina kanuni zake, kanisa lina zake, msiba una zake. Ninyi mnataka umri ndio uwe kibali cha kuzivuka zote?

Bibi wa Ilala

Hapana. Tunataka umri usiwe kanuni ya ziada juu ya hizo zote.

Fundi Cherehani

Ngoja nami nichangie, maana mnabishana juu ya nguo na aliyeshika mkasi hajaulizwa.

Nashona Manzese. Mama mtu mzima akija dukani mara nyingi haji peke yake, anakuja na binti, na binti anakuja na picha kwenye simu. Nampima mama, anayejibu ni binti. "Mama, mikono iwe mirefu." "Fundi, usimwekee rangi hiyo." Mama amesimama ameinua mikono, futi inamzunguka, anatazama ukutani. Nikimuuliza mwenyewe anataka nini, anamtazama mtoto kwanza.

Na mwili wa miaka 65 haushonwi kwa kipimo cha miaka 30 kilichoongezwa upana. Mgongo ukianza kupinda, nguo inapanda nyuma na kushuka mbele, kwa hiyo nyuma nakata ndefu zaidi inchi moja au mbili, ikivaliwa pindo linakaa sawa. Kifua kimeshuka, mikunjo ya kifuani nayo nashusha. Bega lililoganda haliwezi kufikia zipu ya mgongoni, lakini mishono yote mnayoniletea ina zipu ya mgongoni! Huyo mama akiwa peke yake nyumbani anavaaje? Anamngoja mtu. Nampa vifungo vikubwa mbele, au zipu ya ubavuni yenye kishikio kirefu. Lastiki naweka nyuma tu, mbele naacha bapa, ndipo suruali inaonekana imeshonwa, haionekani nguo ya kulalia. Kikwapa nakipanua. Mfuko lazima, wa kina, uingie simu na miwani, maana mkoba begani unawaumiza.

Hayo hayapunguzi mtindo hata kidogo. Kitenge kizuri, kola iliyosimama, suruali iliyonyooka, mama anatoka dukani kwangu anatembea tofauti na alivyoingia. Kinachoniharibia kazi ni sare. Kamati inakaa, inachagua mshono mmoja, unamfaa bibi harusi na mashoga zake wanne, kisha mama mkubwa, shangazi na bibi wote wanaambiwa washone huohuo. Nakata huku nikijua wawili watakaa ukumbini usiku kucha hawajala, kwa kubanwa.

Mlokole wa Mwenge

Hapo kwenye sare fundi amesema kweli. Mama yangu alishonewa gauni la namna hiyo, mkanda umempasua ngozi.

Mzee wa Busara

Fundi amenena. Sare nakubali zimezidi. Lakini mwalimu hajanijibu la msibani.

Mstaafu wa Tabora

Nakujibu. Msibani nafunga kanga juu ya suruali, kama wafanyavyo wanawake wengi hapa mjini wakiitwa msibani wakiwa kazini. Nakaa mkekani, nalia na wafiwa, napika na wenzangu. Tofauti inakuja wakati wa kuinuka: mimi nashika ukuta nainuka mwenyewe, waliovaa sketi za kubana wanavutwa mikono na watu wawili. Na swali lako la mwanzo, natafuta nini, nimelifikiria. Sitafuti mume, ninaye, yule wa jezi. Nataka asubuhi nikifungua kabati nifurahi.

Fundi, wewe nina swali. Mwezi ujao kuna sendofu ya mpwa wangu. Kamati imetoa lesi, na mshono ni ule wa nguva, unabana hadi magotini, wanawake wote. Lesi hiyohiyo haiwezi kutoka blauzi ndefu, na suruali nikaitafutia kitambaa cha rangi ileile?

Fundi Cherehani

Inatoka vizuri tu, mama. Lete kitambaa mapema, na uje peke yako.