Nahamia Vilvoorde, Ubelgiji: nianze na Kifaransa au Kiholanzi?

Binti_Meru

Habari zenu wakuu. Mwezi wa tisa nahamia Ubelgiji kwa mume wangu, anaishi Vilvoorde, kaskazini kidogo ya Brussels. Ninajua Kiswahili na Kiingereza, hizo lugha zao bado kabisa. Fani yangu ni kazi za ghala na mizigo. Wapo wanaonishauri Kifaransa kwa kuwa ni lugha ya nchi nyingi na Brussels kinaongewa kila mahali, wapo wanaosema Kiholanzi. Nina miezi sita na naweza kutenga dakika 90 kwa siku. Naomba mnilinganishie kwa kina: kila moja ina ugumu wapi kwa mtu wa Kiswahili, na watu hukwama kwenye nini?

Mti_Mkavu

Dada, anza na anwani yako. Mpaka wa lugha Ubelgiji uliwekwa kwa sheria za 1962 na 1963, na Vilvoorde iko upande wa Flandria, eneo la Kiholanzi. Manispaa itakuhudumia kwa Kiholanzi, na barua za kodi na za shule zitakuja kwa Kiholanzi. Pembezoni mwa Brussels kuna manispaa sita, kama Kraainem na Linkebeek, ambako mkazi anaweza kudai huduma kwa Kifaransa. Vilvoorde haimo. Wanaokushauri Kifaransa wanasema kweli kuhusu Brussels, lakini wewe unakwenda kukaa nje ya Brussels.

Kazi nayo ni hivyo hivyo. Mizigo ya ndege iko Zaventem na Machelen, zote Flandria, na mwajiri wa huko kisheria anaandika mkataba na maelekezo ya usalama kwa Kiholanzi. Halafu kuna mafunzo ya wageni yanayoitwa inburgering. Mtu anayetoka nje ya Umoja wa Ulaya na kuingia kwa njia ya familia kwa kawaida anawajibika kuyapitia, na somo la Kiholanzi limo ndani yake. Kwa hiyo utakisoma tu. Kilichobaki ni kuamua uanze leo au ufike mikono mitupu.

Kibwagizo

Nakubaliana na Mti_Mkavu. Mimi nijibu upande wa lugha zenyewe.

Kwa Kiingereza chako, Kiholanzi kitafunguka haraka. Maneno ya nyumbani utayatambua yenyewe: water, hand, arm, melk, boek. Taasisi inayowafundisha lugha wanadiplomasia wa Marekani huwapangia wiki 24 za Kiholanzi na wiki 30 za Kifaransa. Lakini hizo ni hesabu za watu wa Kiingereza. Mtu wa Kiswahili ana mitaji mingine ambayo hawakuihesabu.

Mtaji wa kwanza ni sauti. Ile g ya Kiholanzi inayowatesa wengi iko kinywani mwako tayari: ni gh ya lugha, ghala na ghorofa. G ya Flandria ni laini, inakaribia sana hiyo yetu. Ya kaskazini mwa Uholanzi inakwaruza koo zaidi. Ila kama umezoea kutamka "luga", rudisha gh yako kwanza.

Sauti ngeni zaidi katika Kiholanzi ni mbili. Ya kwanza iko katika lugha zote mbili: u ya Kifaransa katika tu, nayo ndiyo uu ya Kiholanzi katika muur (ukuta). Sema "i", kisha viringa midomo kama unasema "u" bila kusogeza ulimi. Ya pili ni ui ya huis (nyumba), hiyo ni ya Kiholanzi peke yake. Anza na sauti iliyo kati ya a na e huku midomo imeviringwa, umalizie kwa kuibana.

Linalowaangusha watu wetu katika Kiholanzi ni mrundiko wa konsonanti. Kiswahili chetu kinapenda irabu kila baada ya hatua, kwa hiyo straat inatoka "sitarati" na herfst (majira ya majani kupukutika) inaongezewa irabu mbili. Fanyia mazoezi mwisho wa neno, usiuachie irabu. Pia urefu wa irabu unabadili maana: man ni mwanamume, maan ni mwezi wa angani, bom ni bomu, boom ni mti.

Kifaransa hakina shida hiyo sana. Shida yake ni kwamba kinachoandikwa na kinachosikika vimeachana. Ver, vers, vert na verre ni maneno manne yenye sauti moja. Les amis inasikika "lezami". Kiholanzi ukishajua kanuni zake chache, unasoma gazeti kwa sauti hata kama huelewi.

Sarufi ndiyo yenye utamu. Kifaransa kina jinsia mbili, na vivumishi hufuata: un grand lit (kitanda kikubwa), une grande table (meza kubwa). Mtu aliyekulia na ngeli hashangai, maana kitabu kikubwa na meza kubwa ni jambo lile lile. Tena vivumishi vingi vya Kifaransa hukaa nyuma ya nomino kama vyetu: maison blanche, nyumba nyeupe. Na shamirisho huingia kabla ya kitenzi: je le vois, ninamwona. Waingereza huhangaika hapo, wewe huna haja.

Kiholanzi kina vibainishi viwili vinavyotangulia nomino, de na het, na een kwa kitu kisicho maalumu. Kivumishi hupata -e, isipokuwa nomino ya het ikiwa na een: een grote tafel (meza kubwa), een groot bed (kitanda kikubwa), lakini het grote bed. Nomino nyingi ni za de. Wingi wote ni de, maneno yote ya udogo yenye -je (kama "kitoto" kwetu) ni het, na maneno ya -ing na -heid ni ya de. Yanayobaki unayakariri na kibainishi chake tangu siku ya kwanza. Ukiandika "bed" pekee katika daftari utalipa baadaye.

Pagumu hasa ni mpangilio. Kitenzi cha Kiholanzi hukaa nafasi ya pili. Kiswahili husema "kesho ninafanya kazi", na watu wetu huleta "morgen ik werk". Sahihi ni morgen werk ik, kwa sababu morgen imeshachukua nafasi ya kwanza. Baada ya omdat (kwa sababu) kitenzi kinakimbilia mwisho: omdat ik morgen werk. Na vitenzi vingine hupasuka: opbellen, kupiga simu, huwa ik bel je op (ninakupigia simu). Usipongoja mwisho wa sentensi hujui umeambiwa nini. Kifaransa hakikufanyii hivyo, ila kitakudai minyambuliko mingi zaidi ya vitenzi.

MwanaKivu

Msikidharau Kifaransa, ndugu zangu. Dada akipata kazi Brussels, au Liège na Charleroi, miji ya Kifaransa, atakihitaji, na siku akifanya biashara na Bukavu au Bujumbura kitamlisha. Namwambia tu akisome Kifaransa cha Ubelgiji: 70 ni septante, 90 ni nonante, kama tunavyohesabu Kongo, Rwanda na Burundi. Vitabu vya Ufaransa vitamfundisha soixante-dix na quatre-vingt-dix. Avielewe, ila asivitumie. 80 inabaki quatre-vingts kote huko.

Binti_Meru

Asanteni sana, nimeelewa kuliko nilivyotarajia. Je, siwezi kusoma zote mbili pamoja, nusu kwa nusu? Na hizo hesabu za Kiholanzi zikoje?

Kibwagizo

Usizichanganye mwanzoni. Tatizo ni vineno vidogo vinavyofanana kwa maandishi: de kwa Kifaransa ni "ya", kwa Kiholanzi ni kibainishi, en kwa Kifaransa mara nyingi ni "katika", kwa Kiholanzi ni "na", met kwa Kifaransa ni "anaweka", kwa Kiholanzi ni "pamoja na". Hivi hujirudia kila mstari, na kichwa kisichoimarika kwenye lugha moja huvivuruga vyote. Maliza ngazi ya 1.2 ya madarasa ya Flandria, ambayo ni A2 (ngazi ya pili katika vipimo vya lugha vya Ulaya), ndipo ufungue Kifaransa.

Hesabu: Kiholanzi hutanguliza mamoja. 75 ni vijfenzeventig, tano na sabini. Wanaoandika huku wanasikia huandika 57, na namba ya simu au ya rafu ghalani inaharibika. Kalamu isiguse karatasi mpaka jozi yote isikike.

Saa ndiyo hatari zaidi. Half drie ni 14:30, yaani nusu ya kuelekea tatu, kwetu saa nane na nusu. Mtu wa Kiingereza husikia 15:30 na kuchelewa zamu saa nzima. Vijf voor half drie ni 14:25. Kifaransa ni chepesi hapo: deux heures et demie, "na nusu" kama yetu.

Dakika 90 zigawe hivi: 30 kusikiliza, 20 kutamka kwa sauti, 40 zoezi la kuandika. Miezi miwili ya kwanza sauti, hesabu, saa, na nomino pamoja na de au het. Miwili inayofuata kitenzi nafasi ya pili, vitenzi vinavyopasuka, na wakati uliopita. Kwa vitenzi vya kawaida, shina likiishia t, k, f, s, ch au p unaweka t: gewerkt, mengine d: gewoond. Miwili ya mwisho ni omdat, dat (kwamba) na als (kama, ikiwa) tu. Hapo ndipo wengi hukata tamaa, kwa hiyo pape muda. Kusikiliza tumia NedBox, ni bure na ina vipande vya televisheni ya Flandria vyenye mazoezi.

Mti_Mkavu

Nyongeza moja. Darasani utafundishwa Kiholanzi sanifu, kazini utasikia cha mtaani: ge badala ya je (wewe), kuisen badala ya schoonmaken (kusafisha), frigo badala ya koelkast (friji), na "ik weet het niet" (sijui) inayobanwa hadi "kweetni". Usikiige mapema, kitambue tu. Na wakisikia lafudhi yako watahamia Kiingereza kwa wema wao, nawe utabaki pale pale. Kariri hii kabla ya kupanda ndege: Kunt u Nederlands met mij praten? Ik leer het nog. Maana yake: unaweza kuongea nami Kiholanzi? Bado ninajifunza. Wengi watarudi kwenye Kiholanzi, na watapunguza mwendo.