Nimeanza kuwafundisha watoto nyumbani, vifaa vimejaa ila sijui nishike kipi

Mama Wawili

Habari zenu wadau. Nina watoto wawili, wa kiume miaka 10 na wa kike miaka 6. Tumewatoa shule miezi miwili iliyopita. Sababu zote sitaki kuzimwaga hapa, ila mkubwa alifika mahali kila asubuhi anaumwa tumbo, na Jumamosi tumbo linapona lenyewe. Baba yao alikubali nikae nao nyumbani, lakini kwa shingo upande.

Wiki ya kwanza nilipakua kila nilichokiona. Simu imejaa, kompyuta imejaa, karatasi za mazoezi rundo. Nikapanga ratiba ya saa mbili asubuhi hadi saa tisa mchana, na kengele juu. Kufikia Jumatano ya wiki ya pili mkubwa kajifungia chooni, na kitabu cha hesabu kimetoka huko kimelowa chapachapa. Mpaka leo sijui kama ni bahati mbaya. Mdogo ana hamu ila kusoma bado, anaangalia picha anabahatisha neno.

Naomba kujua mnatumia nini cha bure, kitu mlichokijaribu wenyewe, si cha kusikia. Halafu mnaegemea kwa nani? Dada yangu nikimweleza jibu lake ni moja tu: "Si uwarudishe."

Mwalimu Mstaafu

Pole mwanangu. Kabla ya vifaa, umeuliza sheria ya hapo ulipo inasemaje? Wengi wanaliruka hili. Ujerumani mtoto sharti aende shule. Kuna wazazi walifika hadi Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu na mwaka 2006 ombi lao likatupwa. Ufaransa zamani ilitosha kutoa taarifa, tangu 2022 unaomba kibali. Marekani inaruhusiwa katika majimbo yote 50 ila kila jimbo na masharti yake. Nenda ofisi ya elimu, uliza kwa maandishi, jibu ulitunze.

Ukiwa huko omba na mihtasari ya masomo ya madarasa yao. Hiyo ndiyo itakayokuambia nini ufute kwenye hiyo simu.

Baba Watatu

Dada, futa kengele kwanza. Mwalimu mwenye watoto arobaini anahitaji siku nzima kwa sababu ya kuita majina, kunyamazisha, kusahihisha, kungojana. Wewe unao wawili. Sisi tulianza na saa saba kwa siku, leo tunafanya saa mbili na nusu na kazi inaisha. Charlotte Mason, yule mwalimu wa Uingereza aliyefariki 1923, alisisitiza masomo mafupi, kwa wadogo dakika 20 hivi, na baada ya kusoma mtoto anasimulia alichoelewa kwa maneno yake. Hilo la kusimulia nimeliiba zima zima. Linakuonyesha nani kaelewa bila kutunga mtihani.

Vifaa: hesabu tunatumia Khan Academy, ni bure, ina video na mazoezi. Usimwanzishe mkubwa kwenye darasa lake, mshushe madarasa mawili apite mbio, ajione anaweza. PhET ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder ina majaribio ya sayansi na hesabu ya kuchezea kwenye skrini. Kama bando ni shida, tafuta Kolibri: unapakua masomo mara moja, watoto wanasoma bila intaneti. Basi. Vingine vyote tumefuta, na hakuna aliyeuliza viko wapi.

Mpita Njia

Mimi nitasema ukweli, mtanisamehe. Mtoto anahitaji wenzake. Mnawalea watoto kwenye chupa halafu wakifika ukubwani wanaogopa foleni. Tumbo linalouma asubuhi ni la kutafutiwa shule nyingine, si la kufungiwa ndani.

Mama Wawili

@Mpita Njia shule nyingine tulishajaribu, ni ya pili hiyo. Ila la wenzake linaniuma hata mimi, sikatai.

Bibi Silabi

Nimefundisha darasa la kwanza miaka mingi, niachieni huyo wa miaka 6.

Anayebahatisha kwa picha, funika picha. Kiganja kinatosha. Kiswahili kimetupendelea: irabu tano, na silabi nyingi zinaishia na irabu. Akishika ba be bi bo bu, akashika ma me mi mo mu, tayari anaweza kusoma "mama", "bibi", "babu", "mabomu". Usimfundishe majina ya herufi kwanza. Ukimwambia hii ni "be" na hii ni "a", akiunganisha atakusomea "bea", na kosa ni lako.

Nenda taratibu kwenye konsonanti zinazoshikana: mb, nd, nj, kisha ny, sh, ch, halafu mw, kw, ndw. Wengi wanakwama kwenye ng na ng'. Weka "ngoma" na "ng'ombe" karibu karibu, mwambie ashike pua akitamka. Atasikia tofauti mwenyewe, na atacheka, na hatasahau. Dakika kumi na tano kila siku, akichoka acha hata kama mmebakiza mstari mmoja.

Vya kusoma: African Storybook. Hadithi fupi za bure, za Kiswahili zipo, zimepangwa kwa viwango, na leseni yake inakuruhusu kuzichapisha. Chapisha mbili tu. Arudie hadithi ile ile mpaka wewe ndiye unayechoka.

Baba Watatu

@Bibi Silabi hiyo ya pua naijaribu leo 😂

Fundi Hesabu

Huyo mkubwa, ni hesabu zote au kuna mahali?

Mama Wawili

Sehemu. Anasisitiza 1/4 ni kubwa kuliko 1/3 kwa kuwa nne inaizidi tatu.

Fundi Hesabu

Basi si mzembe, anatumia kanuni sahihi mahali pasipo pake. Weka kitabu kando. Kata vipande vya karatasi vyenye urefu sawa. Kimoja akikunje kiwe sehemu mbili sawasawa, kingine tatu, kingine nne, kingine nane. Apake rangi sehemu moja kwenye kila kimoja, avipange juu na chini. Usimweleze kitu, muulize tu kwa nini kipande kinapungua namba ikiongezeka. Maneno ya asili (namba ya chini) na kiasi (namba ya juu) yaje baadaye, mikono ikishaelewa.

Na kama ameumizwa na shule, mpe wiki kadhaa bila hesabu za kuandika kabisa. Kupima urefu wa meza ni hesabu. Kusoma saa ni hesabu.

Mwalimu Mstaafu

Kuhusu kuegemea: usijiunge na kundi la watu mia mbili ukategemea msaada, huko ni salamu na matangazo. Tafuta familia moja, watoto wa rika hilo, mkutane siku moja maalumu kwa wiki. Mwenzako afundishe anachoweza, wewe unachoweza. Ongeza maktaba na timu yoyote ya michezo. Hapo @Mpita Njia atakuwa amejibiwa kwa vitendo, maana hoja yake ina uzito.

Mitihani usiihofie leo, ila jua kwamba mtahiniwa binafsi husajiliwa kupitia kituo kilichoidhinishwa, na si kila kituo kinampokea. Uliza mapema, hasa kwa masomo ya sayansi yenye vitendo.

Mama Wawili

Nimerudi baada ya wiki tatu. Ofisi ya elimu nimeandika, nasubiri jibu. Familia moja tumeipata kupitia maktaba, wana mapacha wa miaka 9, tunakutana Alhamisi. Alhamisi ya kwanza walinuniana wote. Ya pili hawakutaka kuachana. Mdogo amesoma ukurasa mzima peke yake huku kashika pua, sijui nimtoeje huko.

Baba yao juzi kakuta vipande vya karatasi mezani, akauliza 6/8 ni sawa na ngapi. Mkubwa kamsogezea kipande kitupu, akamwambia akunje mwenyewe.