Kijana anaingia sekondari mwakani, tuko Bronx: Regis ya bure, Fordham Prep ya jirani au shule ya serikali? Naomba ushauri

Mama wa Fordham Road (mtoa mada)

Habari zenu wapendwa. Naomba mawazo ya wazazi waliopitia hili, hasa mlioko New York.

Kijana wangu wa kwanza yuko darasa la nane, shule ya serikali hapa hapa Bronx. Alama zake ni nzuri sana, hesabu ndiyo usiseme. Mwakani anaingia sekondari, na hapa mtoto hapangiwi shule kama nyumbani. Unaomba mwenyewe, na mitihani ya kuingilia haifanani.

Baba yake alisoma seminari ndogo kule Moshi, na msimamo wake ni kwamba kijana alelewe na mapadre, kwenye shule ya wavulana watupu. Tangu asikie kwamba Regis, ile ya mapadre wa shirika la Wajesuiti mtaa wa 84 Manhattan, haitozi ada, hataki kusikia jina la shule nyingine.

Mimi nasita. Sielewi shule ya kiwango kile inakuwaje bure. Halafu mtoto wa miaka 13 apande treni peke yake kila asubuhi? Na linaloninyima usingizi zaidi: pale ni kwa matajiri. Mwanangu si msemaji. Akikosa wa kufanana naye atajifungia, na mimi niko kazini hadi usiku, sitajua.

Mwalimu wake anasema ajaribu Bronx Science, sekondari ya serikali inayochagua wanafunzi kwa mtihani. Fordham Prep nayo tunaweza kwenda kwa miguu, ila ada inapita dola 20,000 kwa mwaka. Mimi nahudumia wazee majumbani, mume wangu anaendesha teksi. Nisaidieni kufikiri.

Babu Yonkers

Pole mama, na hongera kwa kijana.

Nianze na hiyo bure ya Regis. Haina mtego. Shule ilifunguliwa mwaka 1914 kwa fedha za Julia Grant, mjane wa Hugh Grant aliyewahi kuwa meya wa New York. Aliwapa Wajesuiti fedha za kusomesha wavulana Wakatoliki ambao wazazi wao wasingeweza kulipa, akaomba jina lake lisitajwe. Familia ile ikaendelea kuibeba shule kwa miaka mingi, na leo wanaochangia ni waliosoma pale. Kwa hiyo mwanao akiingia, hamdaiwi ada. Mtaombwa mchango, kila mzazi hutoa alichonacho.

Ugumu uko mlangoni. Ni lazima awe mvulana aliyebatizwa Katoliki, na wanaingia kuanzia darasa la tisa. Nafasi ni kama 130 hivi kwa mwaka, na waombaji ni wale wanaoongoza kwenye shule zao. Kuna karatasi, kuna mtihani, kisha wanaobaki wanaitwa kwenye mahojiano. Mzee asifunge milango mingine kabla huu haujafunguka.

Dada Mkunde

Mimi nitakwambia la upande wa pili, maana limenipata.

Wangu alisoma shule ya Kikatoliki ya wavulana, jimbo jingine, jina naliacha. Masomo safi, nidhamu safi. Lakini muhula mzima wa kwanza mtoto alikuwa anakula chakula cha mchana maktaba, peke yake, na hakuna mwalimu aliyeona. Nilijua siku nilipokuta wali wangu umerudi haujaguswa kwa mara nyingi mno, nikamkalisha chini. Weusi walikuwa wa kuhesabu, na wote walikuwa kwenye mpira wa kikapu. Wangu hachezi.

Simaanishi Regis iko hivyo, siijui. Naomba tu msichague shule kwa jina la mapadre.

Mama wa Fordham Road

Dada Mkunde, umeniliza. Hicho ndicho ninachokiogopa. Sasa siku ya kutembelea nitazame nini? Wataonyesha mazuri matupu.

Dada Mkunde

Usiishie ukumbini kwenye hotuba. Omba kijana apangiwe siku ya kukaa darasani na mwanafunzi wa pale, shule nyingi za aina hii zinaruhusu. Mwambie aangalie saa ya chakula: watoto wanakaaje, nani yuko peke yake, kuna mwalimu anayepita mezani? Wewe uliza mshauri wa wanafunzi ana watoto wangapi, na mtoto mpya asiyecheza mpira anaingizwa kwenye kundi gani. Wakijibu kwa mifano, vizuri. Wakijibu kwa maneno ya kwenye kipeperushi, umeshajua.

Kijana wa Loyola

Shikamoo mama, shikamooni wakubwa wote. Nimesoma kwa Wajesuiti mara mbili, kwanza Loyola pale Mabibo, Dar, kisha huku Marekani shule ya wavulana.

Mtoto asiye msemaji anaweza kufaa Regis kuliko mnavyodhani. Kwenye shule yangu darasa lilikuwa dogo, mwalimu anakuuliza wewe kwa jina, na huwezi kujificha. Mwezi wa kwanza niliteseka. Kufikia mwisho wa mwaka nilikuwa kwenye mdahalo, na Regis ndiyo hasa shule inayojulikana kwa midahalo. Wavulana peke yao husema mambo ambayo wasingeyasema wasichana wakiwepo, hata kulia. Niliona.

Wanakazania pia huduma. Padre Pedro Arrupe, aliyekuwa mkuu wa Wajesuiti duniani, alisema mwaka 1973 kule Valencia kwamba elimu yao lengo lake ni kulea watu wanaoishi kwa ajili ya wengine. Tulipelekwa kuhudumia wagonjwa na wasio na makazi, na ilikuwa sehemu ya shule kama hesabu.

Safari isiwatishe. Kutoka Fordham Road ni treni namba 4 moja kwa moja hadi mtaa wa 86, habadilishi. Dkt. Anthony Fauci, yule bingwa wa magonjwa ya kuambukiza, alisoma Regis akitokea Brooklyn kusini, mbali zaidi ya hapo, akamaliza 1958. Na kadi ya usafiri ya wanafunzi sasa inampa safari 4 za bure kwa siku. Kinachochosha ni kazi za nyumbani. Atarudi jioni na saa kadhaa za kusoma mbele yake, kwa hiyo kumpokea mdogo wake shuleni msimtegemee yeye.

Mwl. Kessy

Mimi napingana kidogo. Bronx Science ni ya serikali, ipo tangu 1938, iko jirani yenu, na imetoa washindi 9 wa Nobel. Dini mnaweza kumfundisha nyumbani na parokiani. Tena shule za kanisa zinazotegemea ada huwa hatarini: Rice pale Harlem, ya wavulana, ilifungwa 2011 na wazazi wakabaki wanahangaika. Regis ina mfuko wake, sawa. Shule nyingine ulizia hali ya fedha.

Ila hata Bronx Science watoto weusi ni wachache. Hofu yako kwamba atakosa wa kufanana naye haiishi kwa kukwepa mapadre.

Babu Yonkers

Mwalimu kasema kweli. Basi aombe zote, hakuna inayomzuia nyingine. Regis ina utaratibu wake. Shule nyingine za Kikatoliki ni mtihani wa TACHS, unafanyika Novemba, na unaandika shule tatu. Mngeweza kuweka Fordham Prep, Xavier ya mtaa wa 16 na Cardinal Hayes ya Grand Concourse, ambayo ada yake ni nafuu zaidi. Fordham Prep msiikate kabla ya kujaza fomu ya msaada wa ada, dola 20,000 hailipwi na kila mtu. Za serikali zinazochagua kwa mtihani, kama Bronx Science, ni mtihani wa SHSAT. Tarehe za kujiandikisha zinapita mapema, zitazameni wiki hii.

Na mdogo wake yuko darasa la ngapi? Regis wana mpango wa REACH kwa wavulana wa familia za kipato kidogo. Huanza mtoto akiwa darasa la tano hivi, wanasoma majira ya joto na Jumamosi.

Mama wa Fordham Road

Mdogo yuko la nne! Asante sana, hilo sikulijua kabisa.

Nimeongea na baba yao baada ya kumsomea majibu yenu. Amekubali aombe zote. Kijana mwenyewe tulipomuuliza alisema Regis anaitaka, ila anaogopa mahojiano. Kikwazo kingine: alibatizwa Moshi, na cheti kilipotea tulipohama.

Dada Mkunde

Mtu wenu aende parokia aliyobatizwa na majina kamili, tarehe na majina ya wasimamizi. Kwenye daftari la ubatizo lazima yumo. Wakitoa nakala ipigwe mhuri, mpige picha kwanza, halafu itumwe kwa mtu anayesafiri. Anzeni leo. Mahojiano asikariri majibu, wanataka kumsikia yeye. Hizo hesabu anazopenda, aeleze kwa nini anazipenda.

Kijana wa Loyola

Mama, nitumie namba faragha. Nitampigia Jumapili baada ya misa, tufanye mazoezi kwa Kiingereza.