Wasichana wa hoki wa Korea Kusini walionewa, tuache kuremba

Wakuu, kila Olimpiki ya majira ya baridi ikikaribia lazima atokee mtu abandike picha ya ile timu ya pamoja ya hoki ya wanawake, Korea Kusini na Kaskazini, Olimpiki ya Pyeongchang 2018, na maneno matamu ya amani. Jana nimeiona tena, watu wanamwaga makopa. Jamani! Amani ya nani, kwa gharama ya nani?

Twende na tarehe. Makubaliano ya kuunganisha timu yalifikiwa Lausanne, Uswisi, tarehe 20 Januari. Wachezaji 12 wa Kaskazini wakaingia kambini Jincheon tarehe 25. Mechi ya kwanza ilikuwa 10 Februari. Timu mwenyeji, imejiandaa miaka, halafu zikiwa zimebaki kama wiki tatu kocha Sarah Murray anaambiwa kila mechi lazima awapange watatu wa Kaskazini, apende asipende.

Kwa wasiofuatilia mchezo huu: hoki ya barafuni haichezwi na kikosi kimoja hadi mtu achoke. Wanaingia kwa makundi ya watano, wanakimbia chini ya dakika moja, wanatoka, wengine wanaruka ukuta kuingia. Kundi linazoeshwa pamoja hadi mtu anatoa pasi bila kuangalia. Ukibadilisha mmoja, umevuruga wote watano. Na kwa mechi moja kila timu inaruhusiwa wachezaji 22 tu. Kusini walikuwa 23. Toa nafasi tatu, piga hesabu: kila mechi wasichana wanne wa kikosi cha awali wanakaa jukwaani na jaketi zao. Nyumbani kwao!

Sina ugomvi na hao 12. Nao waliletwa kama barua.

Kilichonichefua zaidi ni waziri mkuu wa wakati huo, Lee Nak-yon, kusema eti hoki ya wanawake haiko kwenye kiwango cha kupata medali. Yaani ukiwa dhaifu, jasho lako ni la kugawa? Baadaye aliomba radhi, sawa, lakini uamuzi ulibaki palepale.

Matokeo mnayajua. Uswisi 8-0, huku Kim Yo-jong, dada wa kiongozi wa Kaskazini, Moon Jae-in, rais wa Kusini wakati huo, na Thomas Bach, bosi wa Kamati ya Olimpiki wakati huo, wakitazama. Sweden 8-0. Japani 4-1, na lile bao la Randi Heesoo Griffin ndilo pekee lililonifanya niruke kwenye kochi. Mechi tano, wamefunga mawili, wamefungwa 28, wameshika mkia. Sisemi wangeshinda wakiwa peke yao, wala sijarogwa. Ila wangefungwa wakiwa timu waliyoijenga wenyewe.

Sasa nyie mnaokuja hapa na "ilikuwa kwa ajili ya umoja", nijibuni moja tu. Timu ya hoki ya wanaume ya Korea Kusini nayo ilikuwa mwenyeji, nayo haikuwa na ndoto ya medali, na ilipoteza mechi zake zote nne. Mbona ile hakuna aliyeigusa?