Naomba ushauri: unyoya unafumuka kwenye ndoano

Wakuu, heshima kwenu. Nipo Arusha, nimeanza kufunga nzi bandia (chambo) wa kuvulia samaki aina ya trauti. Natumia ndoano namba 12, uzi wa cherehani na manyoya ya shingoni ya jogoo wetu wa nyumbani (ya tetea ni laini, yananyonya maji, nzi anazama). Mwili wa nzi unakaa vizuri. Shida ni unyoya: nikiuzungusha mara ya tatu, kijiti chake kinakatika pale karibu na tundu la ndoano, au uzi unateleza na vyote vinafumuka. Jana nimeharibu manyoya sita, tena yale marefu ya kung'aa. Niyaloweke kwanza? Uzi niupake nta ya nyuki? Na fundo la mwisho mnalikaza vipi?